Akili unde ianzie kwenye karatasi za mizigo, malori yangoje

Mazungumzo mengi kuhusu akili unde katika uchukuzi wa mizigo huanza na malori yasiyo na dereva na maghala yanayohudumiwa na roboti. Kwa sisi tulioko Lamu mazungumzo hayo hupita mbali. Mzigo unaoshuka gatini Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe, huendelea na safari kwa mkokoteni au mgongoni mwa punda, kwa kuwa vichochoro vya mji mkongwe havikujengwa kwa ajili ya gari, na sioni programu itakayobadilisha hali hiyo, wala sitamani ibadilike. Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema kwamba teknolojia hii haituhusu. Maoni yangu ni kwamba akili unde ya aina inayosoma na kutunga maandishi, ile iliyojulikana na watu wengi baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, ina kazi kubwa ya kufanya katika biashara ya mizigo ya hapa, ila kazi yenyewe haiko barabarani wala baharini. Iko mezani, katika karatasi na jumbe zinazoutangulia mzigo na zinazoufuata, na anayeweza kufaidika zaidi ni mfanyabiashara mdogo asiye na karani.

Fuatilia shehena ya duka moja la Kizingitini, kisiwani Pate. Saruji, mabati, unga na mafuta ya kupikia hununuliwa Mombasa, hupakiwa katika lori pamoja na mali za watu wengine, hupita Malindi, Garsen na Witu, na baada ya zaidi ya kilomita 300 hufika Mokowe, gati la upande wa bara. Hapo mahamali huishusha, ikahesabiwa, ikapakiwa mashuani, na nahodha anayetaka kufika Pate kwa njia fupi husubiri maji yajae ndipo apite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Zamani, barabara ya Garsen hadi Lamu ilipokuwa ya udongo, kila ucheleweshaji ulisingiziwa tope. Sasa lami imefika, na ukiacha mafuriko ya Mto Tana na misukosuko ya usalama ambayo bado hutukatia njia, tope halisingiziwi tena, na kasoro nyingine imejitokeza: kati ya mwenye duka la jumla wa Mombasa, dereva, hamali, nahodha na mwenye mali, mzigo hupita mikono mingi na kila mkono una hesabu yake. Huyu ana daftari, yule ana picha ya risiti kwenye simu, mwingine ana ujumbe wa sauti, na mwingine hutegemea kumbukumbu. Magunia mawili yakipungua, hakuna awezaye kuonyesha yalipungulia wapi.

Kazi yangu ni kuandika na kufuatilia karatasi za mizigo kwa wafanyabiashara wa hapa, na kwa muda sasa nimekuwa nikizitumia programu hizi katika shughuli za kila siku. Matumizi ya kwanza ninayoyapendekeza ni madogo kabisa, nayo ni kugeuza ujumbe uliochanganyika kuwa orodha. Mwenye duka huagiza bidhaa kwa WhatsApp kama anavyozungumza. Huanza na salamu, akaingiza habari za mgonjwa, akataja mifuko ya saruji, akarudi nyuma akaipunguza, akauliza bei ya mabati, kisha mwishoni akakumbuka misumari. Programu hupewa maandishi hayo na kuambiwa itoe jedwali lenye bidhaa, kiasi, bei iliyokubaliwa, na jambo ambalo halikuelezwa. Safu hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote, kwa sababu humlazimu karani kumpigia mteja simu kabla lori halijapakiwa na kumuuliza ni misumari ya inchi ngapi na mabati ya geji gani. Orodha ikirudishwa kwa mteja naye akajibu kwamba ni sawa, tayari pana ushahidi ambao hapo awali haukuwepo, na ugomvi wa Mokowe hupungua hata kabla ya mzigo kufika Mokowe.

Ujumbe wa sauti una shida zake. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, kama vile Whisper iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, hukijua Kiswahili, lakini Kiswahili zinachokijua vizuri ni kile cha taarifa ya habari. Mzee wa Amu akisema "gunia moya", au Mbajuni wa Kiwayu akieleza kwa lahaja yake huku injini ya mashua ikinguruma, hujui utakachokipata, na hesabu ndizo hasa zinazopotea. Ushauri wangu ni kwamba ujumbe wa lahaja usikilizwe kwanza na mtu, mtu huyo aurudie kwa sauti yake mwenyewe kwa maneno machache, ndipo programu iuandike. Ni njia ya mzunguko, lakini hadi sauti za watu wa visiwa hivi zitakapokuwa nyingi katika hazina zinazofundishia mashine, sioni iliyo salama zaidi.

Faida kubwa kuliko zote nimeiona katika kulinganisha hati. Baadhi ya wafanyabiashara wa hapa huagiza bidhaa kutoka Dubai na Guangzhou, na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kujaza kontena, huchangia kontena na wengine kupitia kwa mkusanyaji wa mizigo. Mzigo huo husindikizwa na ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi, hati ya shehena inayotolewa na mwenye meli, na kwa bidhaa nyingi cheti cha ukaguzi ambacho Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hutaka kitolewe katika nchi ya muuzaji kabla mzigo haujasafirishwa. Hati hizi huandikwa na watu tofauti katika ofisi tofauti, na baadhi yao hawakijui Kiingereza kunishinda mimi. Ankara ikasema katoni 240, orodha ya vifurushi ikasema 204. Jina la mpokeaji likaandikwa Mohamed hapa na Muhammad kule. Uzito wa jumla ukawa mdogo kuliko uzito wa bidhaa bila vifungashio, jambo ambalo haliwezekani. Kosa la namna hii likigunduliwa baada ya wakala wa forodha kuwasilisha maelezo katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato, marekebisho yake hula siku, na siku hizo hulipiwa: bandari hutoza uhifadhi muda wa bure ukiisha, na mwenye kontena naye hutoza kwa kontena lake kuchelewa kurudi. Katika kontena la kuchangia, kosa la mtu mmoja laweza kuwasimamisha wote.

Makosa haya si magumu kuyaona. Yanachosha tu. Anayesoma kurasa nyingi za orodha ya vipuri usiku wa manane hapotezi akili, hupoteza macho. Programu ikipewa hati hizo zote na kuambiwa iorodheshe kila mahali zinapotofautiana, ikitaja ukurasa na mstari, huleta orodha kwa muda mfupi, na kazi yako hubaki kuangalia mahali palipotajwa. Isidhaniwe kwamba haipitwi na kitu. Hupitwa, hasa picha ya hati ikiwa imefifia au imepigwa kivulini. Lakini macho mawili ya ziada ni bora kuliko kukosa hata moja, na mfanyabiashara mdogo wa Lamu, tofauti na kampuni zenye idara nzima ya hati, kwa kawaida hana hata hilo moja.

Hapa nina sharti ambalo silegezi: mashine iambiwe ionyeshe, isiambiwe irekebishe. Programu hizi hutunga kwa kuchagua neno linaloelekea kufuata, kwa kadiri ya maandishi mengi zilizosomeshwa. Hazina mizani na hazijauona mzigo. Ukiiachia nafasi tupu ya uzito, itaijaza kwa uzito unaofanana na ukweli, na uzito unaofanana na ukweli ni hatari kuliko nafasi tupu, kwa kuwa hakuna atakayeushuku. Tangu tarehe 1 Julai 2016, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unamtaka mpakiaji athibitishe uzito wa kontena lililojazwa kabla halijapakiwa melini, kwa sababu kontena lenye uzito wa uongo huhatarisha meli pamoja na mabaharia. Uthibitisho huo hutoka kwenye mizani, na hauna njia ya mkato ya maneno.

Misimbo ya forodha ni mfano mzuri wa mahali ambapo msaada na hatari hukaa pamoja. Kila bidhaa inayovuka mpaka hupewa msimbo katika mfumo unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, wenye makundi zaidi ya 5,000 ya tarakimu sita, na ushuru hutegemea msimbo huo. Kumtafutia mtu msimbo wa bidhaa asiyoijua jina lake rasmi ni kazi ambayo akili unde huifanya vizuri mwanzoni, kwa sababu unaweza kuielezea kitu kwa maneno ya kawaida nayo ikakuelekeza kwenye sura inayofaa. Ichukue mifano ya kamba-mawe wa Kiunga na Kizingitini. Waliogandishwa wana msimbo 0306.11, na walio hai au wabichi wana 0306.31, lakini kabla ya marekebisho ya mwaka 2017 wabichi walikuwa chini ya 0306.21, na msimbo huo wa zamani umejaa katika maandishi ya miaka iliyopita ambayo mashine imeyasoma. Kwa hivyo yaweza kukupa jibu lililokuwa sahihi kabisa miaka kumi nyuma, kwa sauti ileile ya kujiamini. Kwa kuwa mfumo hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa, jibu lolote la msimbo lichukuliwe kuwa ni dokezo, kisha litafutwe katika kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kinachotumika sasa. Dakika chache za kulihakiki jibu ni nafuu kuliko mzozo na forodha.

Barua za madai nazo zastahili kutajwa, maana hapo ndipo wengi wetu tumekuwa tukidhulumika kimyakimya. Mwenye mali akipokea katoni zilizolowa maji, hulalamika kwa simu, hukasirika, kisha hunyamaza, kwa sababu kuandika barua rasmi kwa Kiingereza cha kampuni za meli na bima ni kazi asiyoijua na hana wa kumlipa. Kwa kawaida haelewi kwamba muda unamwendea kinyume. Chini ya Kanuni za Hague, zinazotawala hati nyingi za shehena za baharini, uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa kutolewa taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 baada ya kupokea mzigo, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Programu ikipewa ukweli wote kwa Kiswahili, yaani tarehe ya kupokea, namba ya hati, hali ya katoni, picha zilizopigwa na jina la aliyeshuhudia, hutunga barua safi ambayo mtu huyo hangeweza kuipata bila kumlipa mtaalamu. Barua hiyo ikisomwa na mtu anayekijua Kiingereza kabla haijatumwa, kazi imekamilika ndani ya siku hizo 3. Sijui matumizi mengine ya teknolojia hii yanayomnyanyua mnyonge kwa kiasi hicho.

Kuhusu kupanga safari, sina mengi. Kutafuta njia fupi kwa malori mengi au kupanga kontena melini ni hesabu, na zipo programu za hesabu zilizofanya kazi hiyo vizuri tangu kabla ya akili unde hii ya maandishi kuja. Na kuhusu maji, nasema bila kumung'unya maneno: asitokee mtu akaiuliza programu ya mazungumzo saa za kujaa na kupwa kisha akapakia mashua kwa jibu hilo. Katika pwani yetu tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 3 na zaidi wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na saa hizo hutolewa katika majedwali rasmi yaliyokokotolewa. Nahodha wa Faza hahitaji kuambiwa hili. Nawaandikia vijana wa ofisini wanaompangia safari.

Kampuni kubwa za nje zimeshasonga mbele. C.H. Robinson ya Marekani, mojawapo ya kampuni kubwa za udalali wa mizigo duniani, hutumia akili unde kusoma barua pepe za wateja wanaoulizia bei na kuwajibu bila mtu kugusa. Wanaoiga mtindo huo bila tahadhari wasome pia upande wa pili. Januari 2024 kampuni ya vifurushi ya DPD nchini Uingereza ililazimika kuzima sehemu ya roboti yake ya mazungumzo baada ya mteja kuifanya itukane na kuibeza kampuni yenyewe, jambo lililowachekesha wengi isipokuwa wenye kampuni. Mwezi uliofuata, baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia nchini Kanada liliamua kwamba shirika la ndege la Air Canada liwajibike kwa taarifa potofu ambayo roboti yake ilimpa abiria kuhusu nauli nafuu ya wanaosafiri kwa msiba. Shirika lilijaribu kujitetea kana kwamba roboti hiyo ni chombo tofauti kinachowajibika chenyewe kwa matendo yake, na utetezi huo ukakataliwa. Uamuzi wa Kanada haulazimishi mahakama zetu, lakini mantiki yake naiona sahihi, na wakala wa Mokowe anayefikiria kuiachia programu iwajibu wateja kuhusu siku ya kufika kwa mzigo ajue kwamba ahadi itakayotolewa ni ahadi yake. Mimi nisingeiruhusu itaje tarehe wala bei bila kupitiwa na mtu.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Hati za mizigo zina majina, namba za simu, namba za vitambulisho na namba za mlipakodi, na watu huzipiga picha na kuzipandisha kwenye programu za bure bila kufikiri zinakwenda kukaa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haimwondolei wajibu mtu kwa sababu ofisi yake ni meza moja nyuma ya duka. Kulinganisha katoni na uzito hakuhitaji kitambulisho cha mtu yeyote. Sehemu hiyo ifunikwe kabla ya kupiga picha. Bei za muuzaji nazo ni siri ya biashara, na katika mji mdogo kama wetu, ambapo kila mtu anamjua anayeagiza mabati, siri hiyo ina thamani yake.

Wapo wanaouliza kama makarani watakosa kazi. Baadhi watakosa, na sitawaficha. Anayelipwa kwa kunakili tu hati moja kwenda nyingine atapata shida, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayofanywa haraka zaidi na mashine. Lakini Lamu haijawahi kuwa na makarani wa kutosha wa kukagua, kuhoji na kutia sahihi, na uhaba huo unazidi kuhisika tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilipozinduliwa tarehe 20 Mei 2021. Gati 3 zimekamilika kati ya 32 zilizopangwa. Meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu baada ya mashambulizi yaliyoanza mwishoni mwa 2023, bandari hiyo ilipata kazi ya kuhamisha kontena kutoka meli moja kwenda nyingine. Kazi ya namna hiyo haina mahamali wengi. Ina hati nyingi.

Kwa sababu hiyo ningependa vyuo vinavyowaandaa vijana wetu kwa kazi za bandari vibadili mtihani mmoja tu kwa kuanzia. Mwanafunzi apewe ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena za mzigo mmoja, zilizotiwa makosa kwa makusudi, pamoja na ripoti ya akili unde inayodai kuyataja makosa yote. Alama zisitolewe kwa makosa ambayo mashine imeyaona. Zitolewe kwa yale iliyoyapita, na kwa yale iliyoyabuni ilhali hayapo.